Hadhana ya Mtoto Mgonjwa: Mas'ala Kutoka Bwera



Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa la likizo pale Bwera tulifika mlango wa hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo wazazi wake wanapoachana. Mlango huu kwa kawaida tunaupita mbio. Tunahifadhi masharti ya mlezi, tunahifadhi umri wa miaka saba, tunafunga kitabu na kwenda kunywa chai. Safari hii dada mmoja alituma karatasi kutoka upande wa akina mama, ndani yake mas'ala yake mwenyewe, na karatasi ile ilituweka mlango huo huo kwa wiki tatu. Ameniruhusu kuandika. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili familia isijulikane.

Ni mama aliyetalikiwa, anaishi karibu na mpaka wa Mpondwe. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huku wanauita sikoseli. Baba ana duka Kasese mjini. Kwa miaka miwili mtoto alikuwa akihudhuria kliniki na kumeza haidroksiyurea kila siku. Kisha mtu ambaye mama anamheshimu sana akamwambia kwamba vidonge vile vinakausha damu ya mtoto, na kwamba Muislamu mwenye asali, habbat sawda na Qur'ani hahitaji sumu ya kiwandani. Mama akaacha vidonge. Akawa anampa mtoto mchanganyiko wa mizizi na asali, na jioni anamsomea ruqya. Miezi minne mambo yakawa shwari. Mwezi wa tano ikaja homa, maumivu ya mifupa, macho ya njano, na mtoto akalazwa na kuongezwa damu. Baba alipofika wodini alisema mbele ya wagonjwa wote kwamba mtoto akitoka pale harudi tena Mpondwe.

Swali la mama lilikuwa mstari mmoja: je, nimepoteza hadhana yangu kwa sababu ya dawa?

Darasa liligawanyika papo hapo. Wengine walisema amepoteza, kwani amemtia mtoto katika hatari. Wengine walisema hajapoteza, kwani alitumia dawa za Mtume (S.A.W.) na baba anatafuta sababu tu. Nani walikuwa upande gani, wake kwa waume, nadhani mnaweza kukisia. Mimi naona pande zote mbili zilijibu swali ambalo fiqhi haiulizi. Zilibishana kuhusu dawa gani ni nzuri na mzazi yupi ana imani sahihi, ilhali mlango wa hadhana unaanzia kwa mtoto.

Hadhana ni ya nani?

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wanakitegemea, anaieleza hadhana kwa maneno machache sana: ni kumhifadhi asiyeweza kujitegemea na kumlea. Waliokifafanua kitabu chake wakaongeza kwamba ni pamoja na kumkinga na yanayomdhuru. Basi suala la madhara limo ndani ya maana ya neno lenyewe, halikuja baadaye kama sharti la pembeni. Mlezi anayemuacha mtoto adhurike hajafanya hadhana, hata kama mtoto analala nyumbani kwake.

Lakini pia tuangalie jinsi dini yetu isivyopenda mtoto mdogo atolewe kwa mama yake. Abu Dawud amepokea habari ya mwanamke aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba yeye ndiye aliyembeba mtoto tumboni, akamnyonyesha na kumpakata, na sasa baba aliyemtaliki anataka kumchukua. Mtume (S.A.W.) akamhukumia mama, maadamu hajaolewa na mwingine. Na katika Muwatta ya Imamu Malik kuna kisa cha Umar bin Khattab (R.A.) mwenyewe. Alikuwa amemtaliki mama wa mwanawe Aasim, akamkuta mtoto akicheza Quba, akamshika mkono na kumpandisha kwenye mnyama wake. Bibi mzaa mama akamfuata, wakagombana hadi mbele ya Abu Bakar (R.A.). Abu Bakar akamwambia Umar amwache mtoto na bibi yake, na Umar, kwa ukali wake wote, hakujibu neno. Ndugu zangu wa kiume, kisa hiki tukisome mara mbili. Kama Umar hakuruhusiwa kumnyakua mtoto njiani, mwenye duka Kasese hawezi kumnyakua wodini.

Masharti ya mlezi mnayajua: akili timamu, Uislamu kwa mujibu wa Shafi, uaminifu, na mama asiwe ameolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto. Hakuna sharti kwamba mlezi awe na maoni fulani juu ya hospitali. Sharti linalogusa mas'ala yetu ni la uaminifu, nalo linapimwa kwa vitendo. Mama aliyefanya kosa kwa kumtafutia mwanawe uzima si sawa na mama anayempuuza.

Kuna jambo jingine katika Minhaj ambalo sikuwahi kusikia likisomwa kwa sauti katika darasa zetu. Nawawi anasema hata mtoto aliyekwisha kuhamia kwa baba, akiugua, mama ana haki zaidi ya kumuuguza. Baba akiridhia, auguzwe nyumbani kwa baba. Asiporidhia, auguzwe nyumbani kwa mama. Maana yake, ugonjwa wa mtoto kwa asili ni wakati wa kumsogeza mama karibu. Anayetaka kuufanya ugonjwa huo huo kuwa sababu ya kumfukuza mama anahitaji hoja nzito.

Je, hoja nzito ipo? Hapo ndipo tuliingia kwenye dawa.

Umm Qays na koo la mwanawe

Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea kwamba Umm Qays bint Mihsan alikuja kwa Mtume (S.A.W.) na mtoto wake aliyekuwa na uvimbe kooni. Kwa desturi ya Waarabu wa wakati ule, mama alikuwa amemtia mtoto kidole kooni na kukandamiza pale penye uvimbe. Mtume (S.A.W.) alichukizwa. Akauliza kwa nini mnawatesa watoto wenu kwa kuwakandamiza hivi, kisha akawaelekeza kwenye udi wa Kihindi, ule unaoitwa qust, akitaja kwamba ndani yake mna tiba nyingi.

Hadithi hii nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote tangu karatasi ile ifike, kwa sababu mambo yake matatu yanakaa pamoja. Mtume (S.A.W.) hakusema mila zote za tiba ni upuuzi, kwani alielekeza dawa ya mti. Hakunyamazia mateso ya mtoto kwa sababu ni desturi au kwa sababu mama ana nia njema. Na hakumnyang'anya mama mtoto wake. Alibadilisha tiba, mtoto akabaki mikononi mwa Umm Qays.

Sisi tuna koo zetu wenyewe. Pwani na sehemu nyingi za Tanzania watoto hukatwa kimeo kwa wembe ili wapone kikohozi. Huku magharibi mwa Uganda kuna ebiino, ambayo Watanzania wanaiita meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, wakati ule ambao fizi zake zimevimba, mtu anasema ana meno ya uongo. Anapelekwa kwa mtaalamu wa kijijini, naye anafukua vichipukizi vya meno kwa spoku ya baiskeli au kisu. Kinachotoka kinaonekana kama mnyoo mweupe, na familia inaamini imeona ugonjwa kwa macho. Kilichotoka ni jino la mtoto ambalo lilikuwa bado halijakomaa. Yanayofuata ni kutokwa damu, vidonda vinavyooza, pepopunda, pengine kifo, na aliyepona hukua bila meno yake ya chonge au yanaota yamepinda. Kuharisha kwenyewe, ambako kulihitaji maji ya chumvi na sukari na zahanati, hakujatibiwa.

Ebiino si tiba mbadala, ni jeraha. Mzazi aliyeshikilia kumrudisha mtoto kwa mfukuaji baada ya kuelezwa na kukatazwa, hapo sioni shida kusema uaminifu wa ulezi umeanguka. Mtume (S.A.W.), kwa hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, amemtwika dhamana ya madhara mtu anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa elimu ya utabibu. Mfukuaji analipa. Na anayempeleka mtoto huku akijua, naye ana sehemu yake.

Asali na habbat sawda ni habari tofauti kabisa. Hivyo tumefundishwa, na atakayemkataza mama kumpa mwanawe kijiko cha asali au kumsomea Fatiha ametukosea sote. Kama mama yetu wa Mpondwe angempa mtoto vidonge asubuhi, asali mchana na ruqya jioni, karatasi ile isingeandikwa. Tatizo lake ni pale alipoacha kimoja kwa ajili ya kingine.

Na hapa inabidi tuseme ukweli kuhusu selimundu. Ni ugonjwa wa kurithi, mtoto anaupata kwa baba na mama wote wawili, hivyo baba asimnyooshee mama kidole kana kwamba yeye hamo. Milima yetu inaujua zamani. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walikuta karibu asilimia 45 ya Baamba waliopimwa, upande wa Bundibugyo, wanabeba chembe ya selimundu. Kwa Uganda nzima, uchunguzi wa vichanga uliochapishwa mwaka 2016 ulipata asilimia 13.3 wanaibeba. Ama haidroksiyurea, utafiti uliotolewa mwaka 2019 uliwafuata watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kwa Uganda kituo kilikuwa Mbale, mji ambao wasomaji wengi wa jarida hili wanaufahamu kwa sababu ya chuo chetu cha Kiislamu. Walioitumia walipungukiwa na vipindi vya maumivu, na malaria, na kuongezwa damu, na vifo. Haimalizi ugonjwa. Inampa mtoto miaka. Miezi minne ya shwari bila vidonge haikuwa ushahidi wa mizizi kufanya kazi, kwa sababu selimundu ndivyo ilivyo, inalala na kuamka.

Kwa nini basi mama aliamini? Wengi darasani walisema ni ujinga. Mimi nimekulia Bwera na sikubali neno hilo. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda alikuwa mtoto wa miaka mitano. Familia yake ilikuwa na watu pande zote mbili za mpaka. Walimpeleka Hospitali ya Kagando, akahamishiwa kituo cha kutenga wagonjwa pale Hospitali ya Bwera, akafariki, kisha wakafariki bibi yake na mdogo wake wa miaka mitatu. Wahudumu walikuwa wamechanjwa tangu mwishoni mwa 2018, walijipanga vizuri, na ugonjwa haukuenea hapa. Lakini watu wa mtaani walichoona ni mtoto kuingia mahali penye watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni, na hakutoka. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa kuitwa mjinga.

Wala tusidhani kwamba uongo wa dawa unatoka vijijini tu. Mwaka huo huo wa 2019, mwezi Mei, gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba maji yenye klorini daioksaidi, kemikali ya viwandani ya kung'arishia, yalikuwa yakigawiwa Uganda kama dawa ya muujiza ya malaria na UKIMWI, na Mwingereza mmoja aliyekuwa akiyatangaza alikamatwa Fort Portal, safari fupi tu kutoka Kasese. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeonya juu ya maji hayo tangu 2010. Waliyoyanywa waliambiwa ni ya asili na hayana madhara.

Subira ya nani?

Wiki ya pili kijana mmoja alileta hoja nzuri. Alisema wanazuoni wengi wa zamani hawakuiona tiba kuwa faradhi. Akataja hadithi ya mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyepewa hiari na Mtume (S.A.W.) kati ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri. Basi mama naye, akasema, amechagua kutawakali.

Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini yule mwanamke alichagua juu ya mwili wake. Alikuwa mtu mzima, aliujua ugonjwa wake, akaulizwa, akajibu. Mtoto wa miaka sita hajaulizwa. Subira ni ibada, na ibada ya aina hiyo mtu hamfanyii mwenzake kwa kumwachia maumivu.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah Mei 1992 na katika azimio namba 67 lililiweka sawa jambo hili. Kwa ufupi, na kwa maneno yangu: hukumu ya tiba inatofautiana kwa hali na watu, lakini inakuwa wajibu pale ambapo kuiacha kutaleta kifo, kupoteza kiungo, ulemavu, au ugonjwa utakaoambukiza wengine. Kwa asiye na uwezo wa kujiamulia, ruhusa ni ya walii wake. Ila walii akikataa tiba kwa namna inayomdhuru wazi aliye chini yake, kukataa kwake hakuhesabiwi, na haki ya kuamua inahamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mtawala.

Tazameni vizuri kinachohamia. Ni haki ya kuamua juu ya tiba ile. Azimio halisemi mtoto ahamishwe nyumba. Hapa ndipo nilipopata jibu langu. Mama anaweza kupoteza kauli yake katika jambo la vidonge na bado akabaki mlezi, na hadhana ihame tu pale ambapo hakuna njia nyingine ya kumkinga mtoto.

Sheria ya nchi

Wasomaji wanaosoma sheria wataona kwamba hatuko mbali na Katiba ya Uganda ya 1995. Ibara ya 34(3) inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matibabu au elimu kwa sababu ya imani ya dini au imani nyingine. Huo ni ukuta mbele ya mama. Ibara ya 31(5) nayo inazuia watoto kutenganishwa na familia zao au wanaostahiki kuwalea, isipokuwa kwa kufuata sheria. Huo ni ukuta mbele ya baba pale wodini. Sheria ya Watoto, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na inamtaka anayeamua aangalie matakwa ya mtoto kwa kadiri ya umri wake, mahitaji yake ya mwili na moyo, athari ya kumbadilishia mazingira, na madhara aliyopata au anayoweza kupata. Kati ya haki za mtoto kwa mzazi anayekaa naye, sheria hiyo inataja wazi chanjo na matibabu. Chanjo imekaziwa tena na Sheria ya Chanjo ya 2017, ambayo mzazi anayekataa anaweza kufungwa.

Uganda haikupiga marufuku miti shamba. Kuna Sheria ya Tiba za Asili na Tiba Mbadala ya 2019, inayotaka matabibu hao wasajiliwe na wasimamiwe. Kwa hiyo baba atakayekwenda mahakamani na hoja ya kwamba mke wangu wa zamani anatumia miti shamba, peke yake, asitarajie mengi. Atakayekwenda na kadi ya kliniki yenye miezi mitano mitupu na karatasi ya kuongezwa damu, huyo atasikilizwa.

Kuhusu makadhi: ibara ya 129 ya Katiba inazitaja mahakama za Kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini miaka mingi imepita bila Bunge kupitisha sheria ya kuziunda. Masheikh wanasuluhisha, na sulhu ni kheri. Lakini sulhu ya mdomo ikivunjwa, polisi hawana la kushika. Ndiyo maana tulimshauri dada apitie kwa sheikh na pia kwa LC, ambako makamu mwenyekiti wa kijiji ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto, na kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Familia na Watoto.

Kikao

Nilikuwepo walipokutana, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika.

Baba alianza kwa upole kuliko nilivyotarajia. "Sheikh, mimi sitafuti ugomvi. Nataka mwanangu awe hai."

"Na mama yake anataka nini, mwanangu?" sheikh akamuuliza.

Akanyamaza.

Kisha sheikh akamwomba mama kadi ya kliniki, akamuuliza nauli ya kliniki alikuwa anaitoa nani. Ikajulikana kwamba baba alikuwa hajatuma hata shilingi ya matibabu kwa miezi saba, na vidonge viliachwa mwezi wa tatu wa miezi hiyo. Katika fiqhi ya Shafi gharama za tabibu na dawa za mtoto asiye na mali ziko juu ya baba, mtoto awe anakaa kwake au kwa mama. Mizizi ya jirani ilikuwa bure. Mwanzoni mama hakulisema hilo katika karatasi yake, na nadhani aliona aibu. Alitaja imani tu.

Sisemi kwamba umaskini ndio uliofuta kosa. Mtoto aliongezwa damu, na vidonge viliachwa bila daktari kuulizwa. Lakini baba anayekata nafaka na kisha kudai mtoto kwa sababu mama ametumia kilichopatikana, anajenga kesi kwa matofali aliyoyaiba kwa mwanawe.

Walichokubaliana kiliandikwa nakala nne, kikatiwa saini mbele ya LC na afisa wa ustawi. Mtoto anabaki kwa mama. Vidonge vinarudi kama daktari alivyoandika, na wala mama wala baba hana ruhusa ya kuvisimamisha peke yake. Kitu chochote cha kunywa chenye mizizi kinaonyeshwa kliniki kwanza. Asali na ruqya havikuguswa. Homa ikipanda, ni Hospitali ya Bwera siku hiyo hiyo, kisha baba anapigiwa simu, si kusubiri baba ajibu kwanza. Baba anatuma pesa ya dawa na nauli kila mwezi kabla ya tarehe ya kliniki. Mtoto havushwi kwenda Kasindi bila baba kujua, kwani mpaka ukishavuka sheria hubadilika. Na mwishoni, kwa ombi la mama mwenyewe, ikaandikwa kwamba vidonge vikiachwa tena mara mbili bila sababu ya daktari, baba anaweza kuomba mahakama ihamishe ulezi naye hatapinga kwa hoja ya dini. Sheikh alimuuliza kama ana hakika na kipengele hicho. Akasema, "Sheikh, ndiyo. Andika."

Bado kuna mas'ala ambayo hatukuyamaliza, na nawaachia mjadili katika halaqa zenu. Mwakani mtoto atatimiza miaka saba. Kwa Shafi, mtoto aliyefikia utambuzi anahiyarishwa, na akimchagua mama, hulala kwa mama na mchana huwa kwa baba ili amfunze. Kati ya Mpondwe na Kasese hilo haliwezekani, na shule ina ratiba yake. Hilo tutapata namna. Gumu zaidi ni hili: mtoto amekwisha kumwambia shangazi yake kwamba atachagua nyumba isiyo na vidonge.

Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad amehadithia, kutoka kwa sheikh wake Ibn Taymiyya, kisa cha wazazi wawili waliomgombania mwana mbele ya kadhi. Mtoto akahiyarishwa, akamchagua baba. Mama akamwomba kadhi amuulize kwa nini. Mtoto akasema mama yake anampeleka chuoni kila siku na mwalimu anampiga, ila baba yake anamwacha acheze na wenzake. Kadhi akamhukumia mama.

Wallahu a'lam.